Ukichuja kwa Jicho, Utapata Kinachopendeza Jicho

Swali: Naanza shahada ya uzamili katika biolojia ya molekuli. Msimamizi wangu anataka nitengeneze protini ripota, yaani protini itakayotuonyesha seli fulani ziko wapi ndani ya panya aliye hai. Njia aliyonipa ni mageuko elekezi: nibadili jeni bila mpango, nichague zilizo bora, nirudie. Kusema kweli naona ni kama kupiga ramli. Umbo la protini hizi linajulikana hadi kwenye atomu, na kompyuta zipo. Kwa nini nisibuni moja kwa moja badiliko ninalolihitaji? Na kama ni lazima nibahatishe, nitajuaje kwamba kinachong'aa kwenye sahani ya bakteria kitaonekana ndani ya mnyama?

Jibu: Umeuliza mawili. Nitayajibu yote, lakini nakuomba tangu sasa uweke uzito kwenye la pili, kwa sababu ndilo litakaloamua kama miaka yako ya uzamili itazaa kitu.

Nianze na ramli. Katika mageuko elekezi kinachobahatishwa ni kubadili tu. Kuchagua hakubahatishwi hata kidogo. Mfugaji anayetaka ng'ombe wa maziwa haamui ndama azaliwe na damu ya namna gani. Anaamua yupi abaki zizini azae tena. Frances Arnold, aliyepata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018, alionyesha nguvu ya njia hii mapema. Mwaka 1993 yeye na mwenzake walichapisha kazi ya kimeng'enya kiitwacho subtilisini E, ambacho hushindwa kufanya kazi kwenye kiyeyushi cha kikaboni. Baada ya mizunguko michache ya kubadili na kuchagua walipata aina iliyofanya kazi mara 256 zaidi ya ile ya asili katika mchanganyiko wenye asilimia 60 ya kiyeyushi hicho. Hawakuhitaji kujua kwanza kila badiliko lingefanya nini. Walihitaji kujua kupima.

Sasa tazama ukubwa wa pori unalotaka kuliingia kwa kubuni. Chukua GFP, protini ya kijani ya konyeza wa baharini Aequorea victoria, ambayo Osamu Shimomura na wenzake waliitaja kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Ina asidi amino 238, yaani vijenzi vya protini vilivyopangwa kama shanga kwenye uzi. Ukibadili moja tu, unaweza kupata protini 4,522 tofauti. Ukibadili mbili kwa pamoja zinapita milioni 10, na ukibadili tatu unafika bilioni 15. Nyingi kati ya hizo ni mbovu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya kupima zaidi ya aina 50,000 za GFP: robo tatu ya zilizokuwa na badiliko moja zilififia, na nusu ya zilizokuwa na mabadiliko manne zilizimika kabisa. Ndiyo maana tunakwenda hatua fupi, asidi amino moja au mbili kwa kila mzunguko, na mshindi wa leo anakuwa mzazi wa kesho. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kazi hii kibaba kilichojazwa kwa pupa humwagika chote.

Utaniambia kompyuta haichoki kuhesabu. Kweli, lakini ihesabu nini? Ili GFP iwake ni lazima kwanza mnyororo wake ujikunje na kuwa kama pipa. Kisha asidi amino tatu zilizo ndani ya pipa hilo, za 65, 66 na 67, zifungane kuwa duara, oksijeni izioksidishe, na baada ya hapo kuta za pipa ziikamate sehemu hiyo isitikisike, maana ikitikisika nishati ya mwanga hupotea kama joto. Picha ya atomu unayoiona kwenye skrini ni ya mwisho wa safari hiyo. Haikuonyeshi ni molekuli ngapi zilikwama njiani.

Hapo ndipo penye mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1996, mwaka uleule ambao umbo la GFP lilichapishwa, kundi la Willem Stemmer lilitoa matokeo yake ya kuchanganya vipande vya jeni. Walianza na jeni ya GFP waliyoiandika upya ili iwafae bakteria, wakaikatakata, wakaacha vipande viungane upya, kisha wakaangalia makoloni, yaani vikundi vya bakteria waliotokana na seli moja moja, chini ya mwanga wa urujuanimno na kuchagua yaliyong'aa zaidi. Mizunguko mitatu ikatosha. Bakteria waliobeba mshindi waling'aa mara 45 kuliko waliobeba plasmidi (kiduara cha DNA kinachobeba jeni) iliyokuwa ikiuzwa wakati huo. Ungetarajia kwamba molekuli yenyewe ilibadilika ikawa taa kali. La hasha. Rangi iliyomeza na rangi iliyotoa zilibaki palepale. Kilichobadilika ni kwamba protini ya asili, ndani ya bakteria, kwa sehemu kubwa ilikuwa ikirundikana kama mabonge yasiyong'aa, na mabadiliko matatu yalipunguza sehemu zake zinazochukia maji, hivyo ikajikunja vizuri na kubaki ikielea. Waliomba seli ing'ae, na seli ikang'aa, kwa njia ambayo hakuna aliyeibuni.

Sidharau kubuni. Roger Tsien na wenzake mwaka 1995 walibadili asidi amino moja tu, serini ya 65 ikawa treonini, na GFP ikawaka zaidi na kukomaa haraka. Unapojua chanzo cha tatizo, buni. Usipokijua, pima.

Na mara nyingi utahitaji vyote viwili kwa zamu, kama ilivyokuwa kwa nyekundu. Mwaka 1999 ilipatikana protini nyekundu, DsRed, kutoka kwa Discosoma, mnyama wa jamii ya matumbawe. Rangi ilikuwa nzuri, tabia ngumu. Molekuli zake hushikamana nne nne, kwa hiyo ukiiunganisha na protini unayotaka kuifuatilia huivuta nayo ikaenda isikotakiwa. Tena huchukua zaidi ya siku nzima kukomaa. Kundi la Tsien lilijua umbo lake na likajua mahali zinaposhikamana. Likabuni: likapachika pale asidi amino zenye chaji ili molekuli zisukumane. Molekuli ziliachana kweli, lakini taa nayo ikakaribia kuzimika, kwa kuwa ushirika ule wa nne ndio uliokuwa umeikaza protini. Kuanzia hapo kubuni kukakaa pembeni na mchujo ukachukua kazi. Walikwenda mzunguko baada ya mzunguko hadi mwaka 2002 ikatoka mRFP1, nyekundu ya kwanza inayojitegemea, ikiwa na mabadiliko 33. Hilo la 33 liweke akilini kila utakapotamani kukaa na kubuni moja tu.

mRFP1 ilikomaa zaidi ya mara 10 haraka kuliko mzazi wake. Ila kila molekuli ilikuwa hafifu kuliko DsRed, na ilichoka upesi chini ya mwanga. Watu wa fani yetu wana msemo: unapata ulichokichuja. Ulichokisahau kwenye mchujo hakikungoji. Huporomoka kimyakimya huku wewe ukishangilia kingine. Kizazi kilichofuata, cha mwaka 2004, kilituletea mCherry na nduguze, na bado kuchoka kulikuwa tatizo kwa baadhi yao. Mwaka 2008 kundi hilohilo likafanya jambo rahisi ambalo nalistahi sana: kwanza waliziacha sahani za bakteria chini ya mwanga mkali, ndipo wakachagua makoloni yaliyoendelea kuwaka. Kwa mchujo huo walipata mOrange2, inayostahimili mwanga mara 25 kuliko mOrange ya awali. Mchujo ulipobadilika, protini nayo ikabadilika.

Sasa tuingie kwa panya.

Sahani ina unene wa milimita chache na ndani yake hamna damu. Panya ana damu, na himoglobini, protini nyekundu ya damu, humeza mwanga mwingi wenye urefu wa wimbi chini ya nanometa 600. Ukipanda sana kupita 900, maji yenyewe huanza kumeza. Kati ya takriban 650 na 900 kuna dirisha ambamo mwanga hupenya nyama kwa unafuu. GFP hutoa mwanga wa karibu 509, nje kabisa ya dirisha hilo. Unaweza kuizalisha ing'ae maradufu kwenye sahani, kisha ukakuta ini la panya limeumeza mng'ao wote.

Linganisha lusiferezi mbili, yaani vimeng'enya vya kutoa mwanga, maana hizi hazihitaji hata taa ya nje. Hutoa mwanga zenyewe zikipewa chakula chao, lusiferini. NanoLuc ilitangazwa mwaka 2012. Ilitokana na kimeng'enya cha kamba wa kina kirefu cha bahari, Oplophorus gracilirostris. Waliigeuza protini na wakatengeneza pia lusiferini mpya ya kwenda nayo. Ni ndogo, kilodaltoni 19, na hutoa mwanga wenye nguvu karibu mara 150 kuliko lusiferezi ya kimulimuli. Kwenye chupa ni malkia. Lakini mwanga wake ni wa bluu, karibu nanometa 460, na bluu ndiyo rangi ambayo mwili huimeza kwa pupa.

Kundi la Atsushi Miyawaki kule RIKEN, Japani, lilianzia upande wa pili. Lilikuwa na lusiferini ya kutengenezwa, AkaLumine, inayosambaa vizuri mwilini hadi kwenye ubongo na kutoa mwanga mwekundu. Lusiferezi ya kawaida ya kimulimuli haikuendana nayo vizuri. Basi wakaigeuza lusiferezi wakiichuja kwa AkaLumine yenyewe, si kwa lusiferini ya asili, hadi ikafika Akaluc yenye mabadiliko 28. Mwaka 2018 walionyesha kwamba jozi hiyo huonekana ndani ya mnyama aliye hai kwa nguvu mara 100 hadi 1,000 kuliko mfumo wa kawaida. Waliona seli moja moja za uvimbe zilizonasa kwenye mapafu ya panya, na ndani ya ubongo wa nyani mdogo marmoseti walifuatilia neva kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kumbuka walichokifanya: kitu kilichoamua mafanikio mwilini, yaani lusiferini inayopenya na rangi inayopita, kilikuwemo kwenye mchujo tangu siku ya kwanza.

Njia ya tatu ni ya protini zilizotokana na fitokromu za bakteria, yaani protini zao za kuhisi mwanga, nazo ni zinazong'aa juu ya nanometa 700. Hizi zinahitaji biliverdini, molekuli ya rangi ambayo mwili wa mamalia huitengeneza wenyewe unapovunja himu, sehemu ya himoglobini yenye chuma. Ya kwanza, ya mwaka 2009, ilihitaji kuongezewa biliverdini ili iwake ipasavyo. iRFP ya mwaka 2011 iliikamata biliverdini vizuri zaidi, ikatosheka na ile iliyopo mwilini. Kwa kazi uliyoeleza, mimi ningeanzia kwa wazazi wa jamii hii au kwa Akaluc kabla ya kufikiria chochote cha kijani.

Lakini kuna swali gumu zaidi ambalo hukuliuliza, na utakutana nalo. Vipi ukitaka kuona ndani kabisa, mahali ambapo hata mwanga mwekundu hautoshi, na ishara yako ni ya MRI, picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku? Mashine ya MRI huwezi kuipa maelfu ya bakteria kila asubuhi. Hapa utahitaji kipimo mbadala, na ubora wa kazi yote utategemea umbadala huo una uhusiano gani na kitu chenyewe.

Mfano bora ninaoujua ni wa mwaka 2010, kazi ya Mikhail Shapiro na wenzake katika maabara za Alan Jasanoff na Frances Arnold. Walitaka protini itakayoionyesha dopamini, kemikali ya ubongo, kwenye picha za MRI. Walichukua sehemu yenye himu ya saitokromu P450 BM3, kimeng'enya cha bakteria kinachopenda asidi za mafuta na kisichoijali dopamini. Chuma kilicho katikati ya himu kina elektroni zisizo na wenza, hivyo ni kama sumaku ndogo sana. Molekuli za maji hufika kwenye chuma hicho na kuondoka, na MRI huona athari yake kwenye maji hayo. Kitu kingine kikikaa mahali pa maji, athari hupungua na picha hubadilika.

Sasa angalia ujanja wao. Kitu kinapokaa kwenye chuma, rangi ya himu nayo husogea kidogo. Kwa hiyo hawakuchuja kwa MRI; walichuja kwa kipima rangi cha kawaida, wakiongeza dopamini kidogo kidogo kwenye visima vya sahani na kuangalia rangi inasogea kwenye kiwango gani. Mizunguko ilipokwisha walikuwa na protini zinazoikamata dopamini kwenye viwango vya kati ya mikromola 3.3 na 8.9. Zikafanya kazi kwenye MRI, zikafanya kazi pia ndani ya ubongo wa wanyama hai zilipodungwa humo.

Umbadala ule ulifaa kwa sababu rangi na ishara ya MRI ni watoto wa tukio moja: nani amekaa kwenye chuma. Huo ndio mtihani ninaokuomba ukipe kila kipimo utakachokitumia. Je, kipimo changu na ninachokitaka vinatokana na tukio moja, au vimezoeleka tu kutajwa pamoja? Mng'ao wa koloni la bakteria kwenye nyuzi 37 na mng'ao wa seli ya mamalia ndani ya ini havitokani na tukio moja. Vinaingiliana kidogo, na kuingiliana kidogo hudanganya kuliko kutoingiliana kabisa.

Nilidanganyika hivyo mwenyewe nikiwa kijana kwenye fani. Tulipata koloni lililong'aa mara tatu kuliko mzazi, tukalishangilia, tukajenga juu yake mizunguko miwili zaidi. Tulipoisafisha protini na kupima molekuli kwa molekuli, ilikuwa sawasawa na mzazi. Badiliko lenye faida lilikuwa nje kabisa ya protini, kwenye sehemu inayowaamuru bakteria waanze kuisoma jeni: walizalisha nyingi zaidi, basi. Miezi ilipotea, na bado huniuma, maana tiba yake ni ya siku moja: hamishia jeni ya mshindi kwenye plasmidi mpya isiyoguswa, upime upya. Nyingine ni kuweka kwenye ujumbe huohuo wa RNA protini ya pili ya rangi tofauti, isiyobadilishwa, ili usome uwiano wa rangi mbili badala ya mng'ao mtupu.

Kuhusu kompyuta, zitumie, na uzitumie sana, kwenye kuchagua pa kugusa. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya programu ESM3, iliyojifunza kutokana na mfuatano wa protini nyingi mno na kupendekeza GFP inayofanana kwa asilimia 58 tu na protini ng'avu ya karibu nayo zaidi inayojulikana, nayo ikawaka. Ni jambo kubwa. Hata hivyo iliwaka baada ya mapendekezo mengi kutengenezwa na kupimwa kwenye visima, na wewe huhitaji iwake tu. Unahitaji iwake ndani ya panya. Kompyuta itakupunguzia pori. Haitakupimia.

Kwa upande wa vitendo, nitakuambia machache tu. Ukibadili jeni nzima kwa PCR yenye makosa (njia ya kunakili DNA, ikilegezwa ili ikosee), punguza makosa hadi sehemu kubwa ya makoloni yako yabaki hai. Yakizimika mengi mno, unachoma sahani bure. Kumbuka pia kwamba herufi moja ya DNA ikibadilika, kodoni, yaani herufi tatu zinazotaja asidi amino moja, hufikia takriban asidi amino sita tu kati ya 19 zilizobaki. Kwa hiyo ukishapata mahali panapoonekana pana faida, rudi ujaribu asidi amino zote pale. Kodoni za aina ya NNK, zinazotosha kutaja asidi amino zote, zipo 32, na ukipima makoloni 96, yaani sahani moja, una nafasi ya karibu asilimia 95 kwamba kodoni yoyote unayoitafuta imo.

Panga mchujo wa ngazi mbili. Wa kwanza uwe wa bakteria, wa haraka, wenye kazi ya kutupa wabovu tu. Usiutumie kumtawaza mshindi. Wa pili uwe kwenye seli za mamalia, kwenye nyuzi 37, bila biliverdini ya kuongezwa kama umechagua fitokromu, na usome kupitia kichujio cha rangi utakayoitumia kwa mnyama. Wachache watakaofika hapo ndio waende kwa panya, na waende mapema, baada ya mzunguko wa pili au wa tatu, sio mwishoni mwa mwaka. Watu waliotengeneza protini za GCaMP6 za kuonyesha kalsiamu kwenye neva, zilizochapishwa mwaka 2013, walipima mamia ya aina zao kwenye neva zilizokuzwa maabara na kuchochewa kwa umeme, ingawa kupima protini iliyosafishwa kungekuwa rahisi zaidi. Walilipa gharama hiyo kwa sababu neva ndiyo ingekuwa nyumba ya protini.

Na kabla ya kutengeneza maktaba yoyote, yaani mkusanyiko wa aina zilizobadilishwa, wiki hii, fanya jambo moja. Jaza sahani nzima ya visima 96 kwa mzazi yuleyule, asiyebadilishwa, ukianzia koloni tofauti kwa kila kisima. Ipime kama utakavyopima maktaba yako, kisha angalia visima hivyo vinatofautiana kwa kiasi gani. Vikitofautiana kwa asilimia 30, protini iliyoboreka kwa asilimia 20 itapita mbele ya macho yako usiione, na mbovu yenye bahati itavaa taji. Rekebisha ukuzaji, mzunguko wa hewa kwenye sahani na muda wa kusoma hadi tofauti hiyo ishuke chini ya asilimia kumi. Ukifika hapo, niandikie uniambie umemchagua mzazi gani.